Naomba ushauri: biashara ya Kevin Durant na Phoenix Suns ipimwe vipi?

Wanajamvi wenzangu, habari zenu. Nimepewa jukumu la kuongoza mjadala wa vijana wa timu yetu ya kikapu kuhusu uamuzi wa Phoenix Suns, timu ya ligi ya kikapu ya Marekani (NBA), wa Februari 2023, walipomchukua mchezaji nyota Durant kwa kubadilishana wachezaji, akiwa na miaka 34, kano yake ya kisigino ikiwa imekwisha kukatika katika fainali za 2019, na nimekwama kwenye hukumu.

Bei ilikuwa kubwa: Mikal Bridges, Cam Johnson, Jae Crowder, na haki nne za kuchagua chipukizi wa raundi ya kwanza, bila masharti yoyote. Nilianza kwa kutazama matokeo, nikaona Suns walifagiwa 4-0 na Minnesota kwenye mchujo wa mwaka 2024 (yaani walipoteza mechi zote nne), kisha wakamaliza msimu uliofuata na ushindi 36 na vipigo 46. Nikageukia afya, na hapo hoja ikapinduka, kwa kuwa Durant, ambaye wengi tulimhofia (mimi nikiwa wa kwanza), alicheza mechi 75 kati ya 82 msimu wa 2023-24. Kilichopungua, naona, ni benchi na walinzi wa pembeni wa aina ya Bridges.

Naomba mnisaidie mambo mawili. Je, biashara kama hii ihukumiwe kwa yaliyojulikana siku ya kusaini, au kwa yaliyotokea baadaye? Na alichorudisha Durant alipouzwa Houston mwaka 2025, akiwemo Jalen Green, kihesabiwe kama punguzo la gharama ile ya mwanzo?