Mjadala: Chakula cha kilimo hai kinampa afya mlaji, au anayefaidi ni udongo tu?

Mdadisi Mkongwe:
Wakuu salaam. Swali ni moja na naomba tusitoke nje. Kila kona sasa hivi ni kilimo hai, usitifue ardhi, funika udongo, changanya mazao na mifugo, na ukila hivyo afya inakaa sawa. Nauliza, anayefaidi ni mlaji au udongo? Kuna utafiti wa Ufaransa wa 2018, watu karibu 69,000, waliokula sana oganiki, yaani mazao ya kilimo hai, walikuwa na saratani pungufu kwa kama asilimia 25. Halafu upo wa Uingereza wa 2014, wanawake zaidi ya laki 6, wakaona hamna tofauti ya maana. Sasa nimshike nani? Mi udongo naukubali, tumbo ndo bado. Na hawa wanaomwaga mbolea ya mfuko kila msimu wasijitetee, ule ni uvivu tu wa kutengeneza mboji.

Jembe Butu:
Uvivu? Mkuu umesema UVIVU? Mfuko mmoja wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za nitrojeni. Samadi mbichi ya ng'ombe haifiki hata asilimia 1, piga hesabu mwenyewe, ni zaidi ya tani 2, na hapo mmea hauipati yote msimu huohuo. Nani anazibeba hizo tani, wewe? Umeshika jembe lini mara ya mwisho?

Mama Matandazo:
Jembe Butu punguza moto mdogo wangu, si lazima nitrojeni yote itoke kwenye samadi. Panda jamii ya kunde, vinundu vya mizizini vina bakteria wanaovuta nitrojeni hewani bure. Halafu kuna ule ukungu wa mizizini, mmea unaulisha sukari nao unauletea fosforasi na zinki kutoka mbali ambako mzizi haufiki. Ukimwaga fosforasi nyingi ya dukani mmea unaona wa nini tena, unakata biashara, na zinki kwenye nafaka inashuka. Hapo ndipo udongo na afya ya mtu vinakutana, mleta mada ndo jibu lako hilo.

Pilipili Kichaa:
Yaani maneno yote hayo kumbe tunajadili kula mavi 😂

Mama Matandazo:
Mavi hayo ndiyo yaliyolisha dunia kabla babu yako hajazaliwa. Mboji ikiiva vizuri inapanda joto mpaka nyuzi 55 na kuzidi, siku kadhaa, vijidudu vingi vya magonjwa vinakufa. Haina hata harufu. Tatizo lenu mnaongea mambo ambayo pua zenu hazijawahi kuyakaribia.

Pilipili Kichaa:
Mama usikasirike lakini Ujerumani si walikufa watu juzijuzi hapo kwa mboga za oganiki zenye kinyesi?

Kemia Nyumbani:
Juzijuzi ni 2011. Zaidi ya watu 50 walikufa, ni kweli, na shamba lilikuwa la kilimo hai, hilo nalo kweli. Ila ilikuwa machipukizi, na wachunguzi waliifuata mpaka kwenye mbegu za uwatu zilizotoka nje. Samadi haikuhusika. Ukitoa habari itoe nzima.
Na nyie wa "bila kemikali" acheni hilo neno. Maji ni kemikali. Mrututu, ile chumvi ya shaba, ni kemikali na kilimo hai kinauruhusu kwa ukungu wa mimea, Ulaya wameuwekea kikomo kwa sababu shaba inabaki ardhini na inaua hao nyungunyungu mnaowaimba.

Jembe Butu:
Bado nasubiri jibu la jembe.

Mdadisi Mkongwe:
Nimekulia shambani kaka, usinitishe na jembe. Niliposema uvivu sikukutaja wewe, kama kofia imekuenea ni yako. Na hebu angalia kituo cha utafiti cha Rothamsted kule Uingereza, ngano inalimwa shamba lilelile tangu 1843, kipande cha samadi na kipande cha mbolea ya kiwandani.

Kemia Nyumbani:
Umeleta kisu ukakishika upande wa makali. Mavuno ya vipande hivyo viwili yamekaribiana kwa zaidi ya miaka 100. Kilichotofautiana ni mboji iliyomo udongoni, upande wa samadi imepanda zaidi ya mara mbili.

Mdadisi Mkongwe:
Si ndo nilichosema, udongo unafaidi!

Jembe Butu:
Ulisema uvivu.

Mpita Njia:
Kuna mtu kauliza nani wa kumshika kati ya Ufaransa na Uingereza, mbona kila mtu kamruka? Tafiti zote mbili zinakubaliana sehemu moja, aina ya saratani ya tezi za limfu ilikuwa pungufu kwa wanaokula oganiki. Ila walaji wa oganiki huwa pia wanavuta sigara kidogo na wana kipato, watafiti hujaribu kuchuja hayo na hayachujiki yote. Kwa hiyo si uchawi na si uzushi.

Pilipili Kichaa:
Tuongelee ile dawa ya magugu sasa, ile gliphosati, WHO walishasema inaleta kansa

Kemia Nyumbani:
Shirika lao la utafiti wa saratani, 2015, lilisema "huenda". Na mwaka huohuo nyama nyekundu ikawekwa kundi hilohilo la 2A. Mamlaka ya chakula ya Ulaya ilipinga. Na kichekesho, wengi wa hao wasiotifua ardhi kuokoa udongo ndo wanapiga dawa hiyohiyo, maana usipopindua magugu utayaua na nini?

Mama Matandazo:
Kwa matandazo, mwanangu. Jina langu lipo hapo juu.

Jembe Butu:
Matandazo ya kutosha heka nzima yanatoka wapi? Unakwangua shamba la jirani? Mnaongea kama bustani ya nyuma ya nyumba. Sri Lanka walipigwa marufuku mbolea za kemikali ghafla Aprili 2021, mpunga ukaanguka, chai ikaanguka, Novemba serikali ikarudi nyuma yenyewe. Na Ufini tangu miaka ya 80 wanachanganya seleniamu kwenye mbolea ya kiwandani makusudi, na kiwango chake kwenye damu za watu kikapanda. Hiyo nayo ni afya kutoka udongoni, na imepita kwenye mfuko.

Mama Matandazo:
Ya Ufini sikuijua, hapo umenipata. Ya Sri Lanka usinibebeshe. Udongo uliozoea mfuko miaka 50 huwezi kuuachisha usiku mmoja, hata mtoto huachishwa ziwa kidogokidogo.

Mdadisi Mkongwe:
Jamani swali langu lilikuwa tumbo

Jembe Butu:
Futa neno uvivu tuongee tumbo.

Mdadisi Mkongwe:
Sifuti.

Mgeni Rasmi:
Habari wadau, sijasoma zote maana ni ndefu ila mi naona mbolea za dukani watu wanazipenda kwa uvivu tu, mboji si kazi kubwa kihivyo.

Jembe Butu:
Wewe nawe umeshika jembe lini?