Mjadala: Bahari ikichafuka, nani aamue chombo kidogo kisitoke?

Hoja iliyo mbele yetu ni kwamba upepo ukifika nguvu ya 6 katika kipimo cha Beaufort, yaani kilomita 39 hadi 49 kwa saa, mamlaka ivizuie vyombo vidogo vyote kutoka, apende nahodha asipende. Wanaopinga wanasema nahodha ndiye akijuaye chombo chake, na kwamba mtu aliyeketi ofisini hawezi kuyasoma mawimbi. Mimi naunga mkono katazo, ila sikubaliani na kipimo kilichochaguliwa.

Upepo peke yake ni shahidi mbovu. Kwanza, utabiri hutaja wastani, ilhali upepo unaovuma kwa vipindi unaweza kuuzidi wastani huo kwa asilimia 40. Na kwa kuwa mwendo wa upepo ukiongezeka mara mbili msukumo wake juu ya tanga huongezeka mara nne, tofauti hiyo si ndogo. Pili, kinachopindua mashua mara nyingi ni wimbi fupi lililosimama wima, na wimbi la namna hiyo huzaliwa pale upepo unapokabiliana na mkondo, au pale mawimbi yanapoingia kwenye maji haba ya mlango wa bandari na kuanza kuumuka. Upepo wa nguvu ya 4 dhidi ya maji yanayokupwa unaweza kuwa mbaya kuliko wa nguvu ya 6 ndani ya ghuba. Upepo utokao nchi kavu nao ni mdanganyifu: ufukweni bahari hulala shwari, na ukali wake huonekana chombo kikiwa tayari mbali na nyumbani.

Kisha kuna maji yanayoingia ndani. Mashua yenye sakafu ya mita 4 kwa mita 1.5 ikibeba maji ya kina cha sentimita 10 tu, imeongezewa kilo 600, na mzigo huo hautulii, bali hukimbilia upande ulioinama.

Tukija kwa nahodha, sikatai kwamba anajua. Ninachohoji ni wakati anapoulizwa. Huulizwa mafuta yakiwa yameshanunuliwa, abiria wameshalipa, na mwenzake wa jirani ameshang'oa nanga; tena kila safari ya hatari aliyorudi salama imemfundisha kwamba alikuwa sahihi, hata kama ilikuwa bahati. Katazo humwondolea aibu ya kuitwa mwoga, na hiyo kwangu ndiyo faida yake kubwa.

Mchangiaji mmoja ametukumbusha kwamba sheria za kimataifa za mashindano ya matanga huiachia kila mashua uamuzi wa kushiriki au kuendelea. Ni kweli, lakini mabaharia wale huingia kwa hiari na kwa ujuzi, tofauti na abiria mwenye mtoto mapajani. Na hata kwao ujuzi si kinga: katika mashindano ya Fastnet ya mwaka 1979, mashua 303 zilikutwa na dhoruba kati ya Uingereza na Ayalandi, wakafa washindani 15. Mashua 24 zilitelekezwa, ila 5 tu ndizo zilizozama, nyingine 19 zikakutwa baadaye zikielea. Sisemi hayo kuwalaumu. Nasema kwamba uamuzi unaofanywa katikati ya dhoruba ni mgumu hata kwa mjuzi, hivyo ule wa nchi kavu ndio wa kuwekewa sheria.

Kwa hiyo ningependa katazo lishike vyombo vinavyobeba abiria wa nauli, na lipangwe kwa aina ya chombo, hali ya mawimbi na mahali. Mvuvi aliye peke yake aachiwe uamuzi, mradi jaketi okozi liwe mwilini, si chini ya ubao wa kukalia.

Upande wangu bado haujajibu swali la riziki. Nahodha akizuiwa siku tano mfululizo, nani atabeba hasara yake? Ningependa wanaopinga waanzie hapo.