Kipa anaujua upande wangu. Nibadilishe au nikomae nao?

Boda_Busia: Habari zenu wakubwa. Jumapili steji yetu ya bodaboda inacheza fainali ya kugombea mbuzi na steji ya jirani, hapa Busia upande wa Uganda. Kocha kasema penalti ikitokea napiga mimi. Shida ni kipa wao. Tulipaki steji moja miaka 3 na mazoezi tulifanya pamoja, anajua kabisa napenda kushoto kwangu. Mwaka jana nilipiga hukohuko, akaupokea kama chapati. Kulia naweza, ila hauna nguvu. Nifanyeje?

Mkongwe_Jinja: Piga hukohuko, ila juu. Goli lina upana wa mita 7.32 na wewe uko mita 11. Mpira mkali ukipita karibu na nguzo, kujua upande tu hakumsaidii. Wa mwaka jana ulikuwa kimo cha tumbo, siyo?

Boda_Busia: Tumbo kabisa. Umejuaje mzee?

Mkongwe_Jinja: Chapati haipokelewi angani.

Hesabu_Gulu: Kwa heshima zote mzee, akikomaa na kushoto anamrahisishia mwenzake kazi. Akihama kwa sababu kipa anajua, kipa naye anajua kuwa atahama. Watazungushana hadi giza liingie. Dawa ni kuacha bahati iamue. Ndugu, ukifika uwanjani tazama namba ya pikipiki ya kwanza utakayokutana nayo, tarakimu ya mwisho, achana na herufi. 0 hadi 6 kushoto, 7 hadi 9 kulia. Sijagawa nusu kwa nusu kwa sababu kulia kwako ni dhaifu. Ukishaamua, usibadilishe njiani.

Dada_Nyavu: Mbona katikati mmeisahau? Panenka wa Chekoslovakia aliwamaliza Wajerumani Magharibi kwa kuunyanyua taratibu katikati fainali ya Ulaya 1976, Hakimi wa Moroko akawafanyia hivyo Hispania Kombe la Dunia 2022. Kuna watafiti wa Israeli walichambua penalti 286, makipa walibaki katikati asilimia 6.3 tu. Kipa akisimama akafungwa, watu watasema hata hakujaribu. Bora aruke aonekane.

Boda_Busia: Dada, hujauona uwanja wetu. Doa la penalti limekuwa kishimo, mvua ikinyesha tunamwagia vumbi la mbao. Nikijaribu kuunyanyua taratibu hapo, nitanyanyua vumbi.

Glavu_Arua: Mimi ni kipa, nawaambia ya upande wetu. Simtazami mtu usoni, natazama mguu anaousimamia, ncha yake inaelekea wapi. Wengi hujiuza hapo. Halafu filimbi ikilia usikurupuke, sheria inanitaka niwe na mguu mmoja kwenye mstari hadi upige, kwa hiyo anayeteseka kusubiri ni mimi. Kupunguza mwendo ukikimbia ni ruksa. Ila ukishamaliza kukimbia halafu ukajifanya unapiga, hiyo ni kadi ya njano. Na usijione mkosaji peke yako: Kombe la Afrika, Cairo 2019, Mané wa Senegal alitufunga Uganda, bado kipa wetu Onyango akaipangua penalti yake.

Boda_Busia: Asanteni. Nachukua ya namba ya pikipiki, na nimeanza kupiga kulia kila jioni. Jana mmoja umetua kwa muuza rolex, zile chapati za mayai, trei nzima ya mayai chini. Nimelipa.

Mkongwe_Jinja: Ulipita juu ya mwamba kiasi gani?

Boda_Busia: Kidogo tu, mzee. Ya tumbo nimeacha.