Tupeane uzoefu: redio ya satelaiti nyumbani na kwenye gari huku Nyanda za Juu Kusini

Mtoto wa Makete (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za saa hizi. Kamwene wa Iringa na Njombe, ugonile wa Rungwe.

Mama yangu yuko Makete, kijiji kimelala bondeni, na FM pale ni mkwaruzo mtupu. Akipanda shambani na redio yake anapata stesheni mbili safi kabisa. Akishuka nyumbani jioni, muda ambao ndio anataka taarifa ya habari, hapati kitu. Tangu baba afariki ile redio ndiyo sauti pekee ndani ya nyumba, kwa hiyo naomba mnielewe nikisema jambo hili linaninyima usingizi.

Mimi naishi Uyole na kila wiki naendesha Mbeya hadi Iringa kwa kazi, kilomita mia tatu na zaidi. Kuanzia Igawa nakuwa na mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye kitufe cha kutafuta stesheni. Siyo salama na nimechoka.

Mwezi uliopita duka moja mjini liliniuzia "redio ya satelaiti ya gari". Nimefika nyumbani, fundi kaifungua: FM, bluetooth na sehemu ya flashi, basi. Pesa imekwenda. Kabla sijapoteza nyingine nauliza: nani anasikiliza redio kwa satelaiti kweli, nyumbani au kwenye gari, na anatumia nini? Naomba yaliyowakuta wenyewe, siyo ya kusikia.

Mzee wa Tukuyu

Kijana, pole sana, na umpe mama shikamoo yangu, hata kama huenda mimi ndiye mkubwa.

Hiyo unayoiota iliwahi kuwepo na nilikuwa nayo. Iliitwa WorldSpace. Satelaiti yake, AfriStar, ilirushwa Oktoba 1998 maalumu kwa ajili ya redio barani Afrika, na mwanzilishi wa kampuni, Noah Samara, ni mzaliwa wa Ethiopia. Redio zenyewe zilitengenezwa na Hitachi, JVC, Panasonic na Sanyo. Hakukuwa na dishi. Antena ilikuwa kibao bapa kidogo, unakiweka dirishani au nje kwenye ukuta, unakigeuza taratibu mpaka alama za mawimbi zijae. Nilisikiliza BBC sauti ikiwa kavu kama mtangazaji yuko chumba cha pili.

Kitu kilichonishangaza ni mvua. Tukuyu kwa mwaka tunapata zaidi ya milimita 2,000, na mvua haikuinyamazisha. Baadaye mhandisi mmoja alinifafanulia kwamba ilitumia mawimbi marefu kuliko ya dishi za televisheni, kama sentimita 20, na matone hayayazuii. Tena satelaiti ilikaa nyuzi 21 mashariki, juu ya ikweta, ambako kwa sisi wa Mbeya ni karibu na utosini. Mlima Rungwe haukuwa na la kufanya.

Oktoba 2008 kampuni iliomba ulinzi wa sheria ya ufilisi huko Marekani, na baadaye matangazo yakakoma. Redio yangu ipo kabatini, inashika FM na masafa mafupi tu. Nayasema haya kwa sababu bado kuna watu wanaziuza mnadani wakidai ni za satelaiti. Ni kweli, lakini angani hakuna tena anayezungumza nazo. Usinunue.

Usukani Kushoto

Mimi nipo njia ya Dar–Tunduma, naendesha lori aina ya Freightliner lililotoka Marekani likiwa limetumika. Redio yake ina kitufe kimeandikwa SAT. Nilipokabidhiwa gari niliamini nimeula. Nikabonyeza pale Mbalizi, Makambako, Mikumi, kimya. Nikadhani antena imekatika, nikamlipa fundi aifungue bodi juu ya kichwa cha gari. Antena nzima.

Ndipo jamaa yangu anayeishi kule akanieleza. Ile ni huduma ya SiriusXM, iliyotokana na kampuni mbili, XM na Sirius, zilizoungana mwaka 2008. Ni ya kulipia, na inafika Marekani na Kanada. Satelaiti zake zinamulika upande ule wa dunia, na mijini wameweka minara ya kurudia mawimbi ili gari likipita katikati ya maghorofa sauti isikatike. Huku hata ulipie vipi hakuna kitakacholia.

Kwa hiyo yeyote anayenunua gari au redio ya gari kwa sababu ya neno SAT, aache. Mimi sasa natumia flashi ya vipindi na FM za miji ninayopita, na kwenye mlima wa Kitonga nazima kabisa. Pale nataka kusikia breki zangu na honi ya mwenzangu.

Mtoto wa Makete

Mzee, shikamoo, na asante. Mkuu Usukani, umeniokoa, nilishaanza kuulizia redio ya aina hiyo. Kwa hiyo gari tuliweke pembeni kwanza. Nyumbani je?

Fundi Dishi Mafinga

Nyumbani inawezekana, na wengi tayari mnacho kifaa ila hamjui. King'amuzi cha dishi kina orodha ya redio. Bonyeza rimoti kitufe cha redio, au tafuta kwenye menyu. Mimi nimefunga madishi Mufindi, Kilolo mpaka Lupembe, na naweza kusema nusu ya wateja wangu walikuwa hawajawahi kuifungua orodha hiyo.

Sasa kuhusu bonde la mama. FM inakwenda mstari ulionyooka kutoka mnara, mlima ukikaa katikati basi. Dishi haliangalii mnara, linaangalia juu. Chukua mfano dishi la Azam: satelaiti yake iko nyuzi 7 mashariki, na kutoka huku unaitafuta upande wa magharibi ukivutia kidogo kaskazini, juu kiasi cha nyuzi hamsini na kitu kutoka usawa wa ardhi. Mlima wa Makete unaoua FM hauifikii pembe hiyo, labda nyumba iwe imegusana na genge. Kasimame uani mchana, kwenye saa tisa hivi, uangalie upande huo. Ukiona anga wazi, utapata redio.

Adui wa dishi ni mvua kubwa na mti. Mvua nzito hufyonza mawimbi haya mafupi, na ndiyo maana picha huganda. Redio nayo hukatika vilevile, msidanganywe kwamba sauti huvumilia. Dawa ni dishi kubwa zaidi. La sentimita 90 linakusanya mara mbili na robo ya linachokusanya la 60. Kwa Rungwe, Makete na Mufindi mimi sifungi la 60 tena, hata mteja akilalamikia bei, kwa sababu najua Machi atanipigia.

Halafu waya. Uache tumbo lining'inie kabla haujaingia dirishani, ili maji yadondoke pale chini yasitambae mpaka ndani. Kichwa cha waya kwenye LNB, kile kifaa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi, ukifunge vizuri kwa mpira. Simu ninazopigiwa kwamba dishi limekufa, mara nyingi nikienda nakuta kutu hapo tu.

Dada wa Njombe

Naongezea kwa fundi, mti siyo mchezo. Tulipanda miparachichi uani wakati kila mtu hapa Njombe anapanda. Mwaka wa nne redio ikaanza kukata upepo ukivuma, ukitulia inarudi. Tulibadilisha LNB, tukabadilisha waya, mpaka mtoto wangu wa darasa la sita akasema, "Mama, mbona inakata majani yakicheza?" Tukalihamishia dishi upande wa pili wa nyumba. Rungwe nadhani migomba itawafanyia hivyo hivyo.

Kuhusu mama yako. Bibi yangu hana TV na hataki. King'amuzi chake kimeunganishwa na sabufa kwa zile waya nyekundu na nyeupe, ile ya njano inaning'inia bure. Siku ya kwanza tuliazima TV ya jirani tukatafuta redio anazopenda, tukaandika namba zake kwa maka kubwa kwenye boksi. Sasa anabonyeza namba tu. Adapta ya king'amuzi ilisomeka volti 12, kwa hiyo fundi wa sola alikifunga moja kwa moja kwenye betri bila kupitia inveta, na kinakula umeme kidogo. Soma kwanza maandishi ya adapta yako, siyo vyote vinalingana.

Jambo moja uulize kabla ya kulipa: kifurushi kikiisha, redio zinabaki au zinafungwa? Muuzaji wangu alisema zinabaki. Zilifungwa. Bibi alikaa siku tisa kimya na hakutaka kutusumbua kwa kutupigia. Mpaka leo linaniuma.

Mtoto wa Makete

Dada, hapo kwenye siku tisa nimesimama kidogo. Mama yangu naye angenyamaza vilevile. Basi fundi, king'amuzi kisicho cha kulipia kipo?

Fundi Dishi Mafinga

Vipo vya wazi, havina kadi wala kifurushi, vinashika chaneli zisizofungwa tu. Lakini usinunue kwa kuambiwa. Mwambie fundi akiwashe mbele yako, kwenye dishi lililokwisha kuelekezwa, na redio ya mama isikike kwa masikio yako. Chaneli za wazi huhama.

Kijana wa Soweto Mbeya

Mimi nizungumzie gari, maana limeachwa. Dishi linataka kutulia likitazama nukta moja angani, kwa hiyo kwenye gari linalokata kona litoe akilini. Tunachoweza ni simu, na hesabu yake ni ndogo kuliko watu wanavyoogopa. Matangazo ya kilobiti 64 kwa sekunde yanakula kama MB 29 kwa saa. Ya kilobiti 128 ni mara mbili, kama 58. Mbeya hadi Iringa saa sita, hata kwa ubora wa juu hufiki MB 350. Tatizo ni vipande vya barabara ambako mtandao unapotea. Hivyo mimi vipindi napakua usiku nyumbani, na moja kwa moja nasikiliza taarifa ya habari na mpira tu.

Kama gari lako limetoka Japani na redio yake ya awali, angalia inaishia wapi. FM ya kule huanzia 76, na redio nyingi za magari hayo hugota 90. Stesheni zote za juu ya hapo huzisikii na utalaumu milima bure. Kuna kidude kinachomekwa kati ya antena na redio, mafundi wanakiita ekspanda, kinazishusha stesheni za juu ziingie kwenye redio yako. Mimi kilinisaidia kiasi, ila namba zinazoonekana kwenye kioo siyo za stesheni yenyewe, na nyingine zinapandiana. Mwishowe nilibadilisha redio nzima.

Ukitumia kile kirusha FM cha kuchomeka kwenye tundu la sigara, kumbuka masafa yaliyo matupu Mbeya yanaweza kuwa na stesheni Iringa. Tafuta mawili kabla ya safari, badilisha ukisimama kula Makambako. Waya wa AUX, ule wa kutoka kwenye simu hadi redio, ni bora kuliko hicho, kama gari lina tundu lake.

Mzee wa Tukuyu

Na kwa mama, kijana, usiitupe redio yake ndogo. Dishi lake lisikilizwe nyumbani, ile ya mkononi aende nayo shambani. Mtu aliyezoea kutembea na redio humwondolei.

Mtoto wa Makete

Sawa mzee, itabaki. Nilimpigia leo saa tisa nikamwomba asimame uani atazame magharibi. Akasema anaona anga, na mkaratusi mmoja wa jirani pembeni kabisa.

Jumamosi napanda. Nahitaji dishi la 90 na king'amuzi cha wazi nilichokisikia kikilia. Fundi, nitapita Makambako Ijumaa jioni, kama unaweza kushuka na vifaa tuvijaribu hapo niambie nauli yako. Na kama kuna aliyefunga dishi Makete karibu na mikaratusi, aniandikie kabla ya Ijumaa.