Nyimbo za Kijapani zinazoanza na SA zimeniaibisha mbele ya bosi, nimechoka!!

Wakuu habari za muda huu, mnivumilie uzi ni mrefu na naandika nikiwa na hasira, na wasimamizi naomba msiuhamishie kule kwenye vichekesho maana mimi hapa sicheki.

Niko Japani, Nagoya, mwaka wa tatu sasa. Kazini kwetu kuna mzee alikuwa anastaafu mwezi wa tatu, na huku mwezi wa tatu ndio mwezi wa kuagana, shule zinamaliza mwaka, watu wanahamishwa vituo vya kazi, halafu mwezi wa nne kila kitu kinaanza upya na hapo hapo katikati maua ya sakura, yaani ya mti wa mcheri, yanachanua na kupukutika ndani ya siku chache. Sasa kila mtunzi wa nyimbo nchi hii akitaka kukuliza anaenda pale pale kwenye mti. Wana hadi jina la aina hiyo ya muziki, wanaita sakura songu, sitanii.

Basi nikaambiwa nijiandae, siku ya kumuaga mzee tunaenda karaoke na mgeni naye ataimba. Nikamuuliza mzee unapenda wimbo gani, akasema "aah, ule wa Sakura". Mimi na akili zangu nikafungua apu ya muziki nikaandika Sakura, wa kwanza uliotokea nikabeba, ulikuwa wa Ketsumeishi wa 2005, wale jamaa wanarapu. Wiki tatu wakuu. Wiki tatu narapu Kijapani bafuni mpaka jirani anagonga ukuta.

Siku ikafika, watu wameshakula wameshakunywa, nikashika rimoti nikaiweka Kiingereza maana kanji zangu, zile herufi zao zilizotoka Uchina, bado ni za darasa la pili, ikaleta Sakura, Sakura, Sakura, Sakura, jina la msanii limeandikwa kwa herufi za sisimizi na taa zimezimwa, nikabonyeza moja. Ukaanza wimbo mwingine kabisa!! Ni ule wa Moriyama Naotaro wa 2003, jamaa anapanda sauti juu kule kwa akina mama wa kwaya, na mimi sauti yangu mnaijua ni ya kuita daladala. Jina lake kamili ni "Sakura" halafu kwenye mabano wameweka dokusho, yaani kuimba peke yako, na kweli niliimba peke yangu, hakuna aliyenisaidia, bosi anaangalia simu.

Na hapo sijamaliza. Kesho yake nagundua mzee hakumaanisha huo wala ule wa kwangu, alimaanisha "Sakurazaka" ya Fukuyama Masaharu, ya mwaka 2000, alifupisha tu jina. Sakurazaka ni mteremko kabisa upo Tokyo watu wanaenda kupiga picha. Mzee kastaafu hajausikia wimbo wake. Daah.

Sasa nikakaa chini nikasema ngoja nihesabu hii mijina. Mwaka 2003 huo huo wa Moriyama kuna Kawaguchi Kyogo naye ana "Sakura". 2005 ya Ketsumeishi, na mwaka huo huo Kobukuro nao wakatoa "Sakura". 2006 bendi ya Ikimono-gakari wanaingia lebo kubwa kwa mara ya kwanza, singo yao ya kwanza huko inaitwa nini? Haya. Bado hujaweka "Sakura Drops" ya Utada Hikaru ya 2002, bado "Sakurairo Mau Koro" ya Nakashima Mika, bado AKB48, lile kundi la mabinti, ambao wana sakura zao tatu nne wanazibadilisha mkia tu, halafu kuna "Sakuranbo" ya Otsuka Ai ambayo hata si ua tena, ni tunda! Na babu yao wote "Sakura Sakura", ule wa zamani wa watoto, huyo hajatosheka na moja kaweka mbili.

Lakini wakuu baada ya hasira kupoa kidogo nikagundua watunzi nawaonea. Angalieni hii. Moriyama kaandika kwa hiragana, herufi zao za silabi zilizopinda pinda, さくら. Kobukuro na Kawaguchi wametumia kanji, 桜. Ikimono-gakari wameandika kwa herufi zetu hizi, SAKURA, tena kubwa zote. Angela Aki ana "Sakurairo" yake ya 2007 kaandika ile sakura kwa katakana, herufi zao nyingine za silabi zenye kona kona, サクラ. Mjapani akiona tu jina ameshapunguza nusu ya kazi, anajua huu ni ule laini laini wa hiragana au ule wa kanji, kwake si neno moja limerudiwa, ni kama watu wanne wa ukoo mmoja kila mmoja na sura yake. Inakuja hii apu ya kwangu (na ile rimoti ya karaoke ikiwekwa Kiingereza ni hivyo hivyo), imetengenezwa na watu wasiojua wala wasiojali, inachukua sura zote nne inazisaga inaandika Sakura, Sakura, Sakura, Sakura. Mmefuta tofauti wenyewe halafu mtumiaji ndio anaonekana mjinga kwenye karaoke. Hela ya kila mwezi mnakata hamchelewi hata dakika.

Na mpangilio sasa! Wajapani wana a i u e o, ka ki ku ke ko, sa shi su se so, sisi tuliolelewa na ba be bi bo bu hii tunaielewa kuliko Mzungu yeyote, ni silabi zile zile tu za irabu mwishoni. Apu inapanga kwa ABC, kwa hiyo chi ambayo ni ndugu wa ta inatupwa kule kwenye C, fu ambayo ni ya ukoo wa ha inakaa kwenye F, familia zimesambaratika kama zimegombea shamba.

Kwenye "ha" napo ndio usiseme. Nimefika sehemu imeandikwa Hana, Hana, Hana. Hana nini? Hana adabu? Kumbe ni ua tena!! Orange Range 2004, Fujii Kaze 2023, na ule wa Taki Rentaro wa mwaka 1900. Chini yake "Hanabi", fataki, Ikimono-gakari hao hao wanayo ya 2006 na Mr. Children wana ya 2008. Shemeji yangu Dodoma anayeangalia Naruto, ile katuni ya Kijapani, alinituma wimbo wake, "Hotaru no Hikari", nikamtumia, akanipigia ananiuliza mbona umenitumia wimbo wa mazishi. Ni ule wa mwaka 1881 wa mwanga wa vimulimuli, wa kuagana shuleni, maduka huku wanaupiga wakitaka kukufukuza wafunge. Wa Naruto ni wa 2009. Kwenye katakana unauona ni mwingine, kwenye apu ni mapacha.

Kinachoniuma zaidi, Wajapani wenyewe silabi ya kwanza ndio mchezo wao. Kuna karuta, mchezo wa kadi zenye mashairi 100 ya kale aliyoyakusanya Fujiwara no Teika, msomaji anatamka mwanzo na wachezaji wanarukia kadi. Yanayoanza na "a" yako 16, hapo lazima usubiri. Lakini yapo saba ambayo silabi moja inatosha, mu su me fu sa ho se. SA imo!! Ukisikia sa tu mkono ushafika, shairi ni moja, la upweke. Miaka mia saba na zaidi sa ilikuwa inatosha, mimi nimeleta sa yangu kwenye rimoti nimeletewa msitu.

Aliye na njia ya kuilazimisha apu ioneshe majina kwa maandishi yake yenyewe bila kubadilisha lugha ya simu nzima anisaidie, nimejaribu mipangilio yote. Jumamosi ijayo tunaenda tena, nimeamua kuimba ya Sakamoto Kyu ya 1961, "Ue o Muite Aruko", hakuna ua humo. Nimeitafuta kwenye U haipo. Waingereza waliibadilisha jina wakaipa la chakula, Sukiyaki, Wamarekani wakalichukua hilo hilo, ikawa namba moja kwao 1963, na apu imewafuata. Iko kwenye S. Nimeskroli Sakura zote kuifikia.