Wakuu, naomba ushauri: kioo cha MEMS au galvo kwa leza ya data?

Mtaka_Mwanga: Habari za jioni wakuu. Niko mwaka wa mwisho, uhandisi wa mawasiliano. Mradi wangu ni kupitisha data kwa leza kutoka paa moja hadi jingine, kama mita 60. Leza ni nyekundu, nanomita 650, chini ya miliwati 1. Asubuhi inakaa vizuri, ila jua likishachoma mabati mwale unahama mpaka unatoka kwenye sensa. Nataka kioo cha kuurudisha. Galvo, yaani kioo kinachogeuzwa kwa koili na sumaku, ni nzito na inakula umeme. Kioo cha MEMS, yaani kile kidogo sana kinachochongwa kwenye chipu na kuinama kwa umeme, nilichopata kina upana wa milimita 1 tu, na msimamizi anasema ni kidogo mno. Nichukue kipi?

Fundi_Faiba: Msimamizi ana hoja. Mwale ukitoka kwenye kioo cha milimita 1 hutanuka wenyewe; ukifika mita 60 ni duara la sentimita 5 au zaidi. Dawa ni teleskopu ya lenzi mbili, uiweke BAADA ya kioo. Ukikuza mara 10, mwale unatoka na sentimita 1 na kufika karibu hivyo hivyo. Gharama yake ni pembe, nayo inapungua mara 10. Kioo kikiinama digrii 5 mwale unageuka digrii 10, wewe unabaki na digrii 1. Kwa mita 60 hiyo ni kama mita nzima. Bati gani litahama hivyo?

Kaka_Mota: Kwa jua tu, dogo, mota mbili ndogo zinatosha. Okoa hela yako.

Bi_Lenzi: Kaka, jua ni la taratibu, ila upepo na jenereta vinatikisa paa mara nyingi kwa sekunde. Mota itachelewa. Mwanangu, chukua MEMS. Vingi huendeshwa kwa umemetuli: volti nyingi, mkondo kidogo sana. Usikipe volti kwa ghafla, kitatetema kwenye masafa yake ya asili. Pitisha amri kwenye kichujio kwanza, kiondoe mabadiliko ya ghafla. Vumbi likiingia usifute kwa kitambaa, utavunja bawaba zake. Na upande wa pili weka fotodiodi (sensa ya mwanga) ya vipande vinne, ndiyo itakayokwambia mwale umeelekea wapi. Kuhusu udogo, mwonyeshe msimamizi Palomar, swichi ya mwanga ya vituo vya data vya Google: milango 136 ya kuingia na 136 ya kutoka, vioo vya MEMS vinatoa mwanga faiba hii na kuutupa faiba ile bila kuugeuza umeme.

Mtaka_Mwanga: Shikamoo Bi Lenzi, shukrani wakuu wote. Taarifa za fotodiodi nizirudishe kwa Wi-Fi?

Bi_Lenzi: Marahaba. Kwa jua Wi-Fi inatosha. Kwa mtikisiko ucheleweshaji wake utakusumbua, hivyo rudisha kwa leza ya pili inayopita njia ile ile.