MREJESHO: Linux Mint kwenye desktop mpya imekubali

Wakuu nimerudi, ni mimi niliyeuliza kwa nini desktop yangu mpya haioni flashi ya Linux Mint (mfumo endeshi wa bure kama Windows), inaruka moja kwa moja Windows. Mliosema nizime Secure Boot (ulinzi unaozuia mashine kuwaka na mfumo isioutambua) mlikuwa sahihi, nimeingia BIOS, ile mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka, nikaizima, nikabonyeza F12 kuchagua pa kuwakia, flashi hii hapa. Sasa niko katikati ya kuinstoo umeme ukakatika, huku Igoma ndo zetu, nikaanza upya saa nne usiku. Kuwaka ikawaka ila waifai hakuna kabisa! Nikachomeka simu kwa waya wa USB nikashea bando, nikafungua Driver Manager ya Mint ikashusha draiva (programu ya kuendesha kifaa cha waifai), kurestati tu waifai hiyoo. Spika bado zinakwaruza kidogo. Windows sijaifuta, dogo ana magemu yake humo angenililia.